Duara kwenye sahani halijawa dawa

Jana tena. Dada mmoja kanitumia picha ya sahani ya maabara: ageri (rojo iliyoganda ya kuoteshea vijidudu) imefunikwa na Kandida, fangasi wa ukeni na mdomoni, katikati kuna kishimo chenye dondoo, yaani kamuo, la mwarobaini, pembeni yake duara safi. "Dokta, si umeona inaua? Niponde majani nijisafishie?"

Hapana dada yangu, usiyaingize ukeni.

Duara lile linaonyesha kwamba Kandida ameshindwa kuota pale. Kama amekufa au amezuiwa tu, picha haisemi. Na kishimo cha ethanoli tupu, ile pombe ya kukamulia majani, kiko wapi? Ethanoli peke yake inaweza kumzuia Kandida, sasa utajuaje kazi imefanywa na jani?

Kinachonichosha zaidi ni rula. Watu wanapima duara, kisha wanatangaza kwamba mmea wa milimita 20 umeushinda wa 12. Jamani, ageri karibu yote ni maji! Kinachoyeyuka majini kinatambaa mbali. Chenye asili ya mafuta kinabaki kishimoni hata kiwe kikali namna gani. Rula imepima mwendo, nguvu ni habari nyingine. Ndiyo maana tunatumia sahani ya vishimo 96, tunapunguza dondoo nusu kwa nusu, na baada ya saa 24 tunatafuta kiwango cha chini kabisa kinachomzuia. Flukonazoli, dawa ya fangasi ya hospitali, humzuia Candida albicans (ndiye Kandida wetu) asiye sugu kwa mikrogramu 2 kwa mililita au pungufu. Dondoo ghafi zinazopita mikononi mwangu nyingi zinataka miligramu nzima, yaani mara 500. Lakini tusiuonee mmea: dondoo ni mchanganyiko wa kemikali chungu nzima, na inayofanya kazi huenda ni chembe tu humo.

Halafu seli ya Kandida ina kiini kama yako. Kinachomuua yeye kinaweza kukuunguza na wewe, na kuwamaliza laktobasili, bakteria wema wanaolinda uke. Flukonazoli inapenya kwa tofauti ndogo: utando wa seli ya Kandida una ergosteroli, wa seli zetu una kolesteroli. Maji ya majani yaliyopondwa, nani amehakikisha yanabagua? Isitoshe, muwasho si lazima uwe fangasi. Bakteria na kimelea kiitwacho trikomonasi nao huwasha. Kapime kwanza.

Sasa shaka yangu. Mganga mmoja wa Handeni aliniletea magome anayowapa wagonjwa wenye utando mweupe mdomoni wasukutulie. Duara: hakuna. Vishimo 96: Kandida kaota kama kawaida. Kabla ya kuyafuta kwenye daftari nilimweka Kandida pamoja na magome hayo kwenye seramu (majimaji ya damu), nyuzijoto 37. Kwa kawaida ndani ya saa tatu huchomoza vimkia, mwanzo wa nyuzi anazopenyezea kwenye ngozi laini. Penye magome vimkia vilikuwa vichache mno. Nimerudia mara mbili, bado vichache. Huyu hafi, ila kama amenyang'anywa mkuki, na vipimo vyetu vya kila siku havina jicho la kuliona hilo. Sijui mimea mingapi tumeitupa kwa namna hiyo. Chupa ya yale magome iko kwenye friji, na Jumatatu narudia mara ya tatu.