Kuiga kiumbe si kumtumia

Kila yanapotajwa mazungumzo ya vifaa vidogo vya tiba vilivyobuniwa kwa kuiga viumbe hai, hakosi mtu wa kutoa mfano wa stripu ya kupimia sukari. Stripu ni kifaa kizuri, na wenye kisukari wanaijua kwa ncha za vidole vyao, ila haimo kwenye kundi hilo.

Maana ya kundi lenyewe ni fupi. Kihisi hupokea jambo, liwe sauti, joto, mgandamizo au kemikali, kikalitoa kama ishara ya umeme. Aktueta hupokea umeme, sumaku au joto, ikatoa mwendo. Vikibuniwa kwa kufuata kanuni ambayo kiumbe fulani huitumia mwilini mwake, na vikawa vidogo vya kuvaliwa au kuingizwa mwilini, ndivyo vifaa vya kundi hilo. Watu hulipita haraka neno "kanuni", na hapo ndipo wanapopotea.

Stripu nyingi zina glukosi oksidesi, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) kinachopatikana kwenye kuvu aitwaye Aspergillus niger. Damu ikigusa, kimeng'enya kinaoksidisha glukosi, elektroni zinahama, mashine inapima mkondo. Wazo la kupima sukari kwa kimeng'enya kilichowekwa kwenye elektrodi lilitolewa na Leland Clark na Champ Lyons huko Marekani, mwaka 1962. Hakuna kilichoigwa pale. Kimeng'enya kimechukuliwa chenyewe na kupewa kazi yake ileile, ndiyo maana kichupa kina dawa ya kunyonya unyevu na duka la dawa wanakuambia ufunge kifuniko upesi, usikiache juani. Kimeng'enya kikiharibika, kipimo kinadanganya. Kifaa cha namna hii huitwa biosensa, jina la heshima tu, halina haja ya kuazima la jirani.

Sasa mtazame nzi wa Marekani aitwaye Ormia ochracea. Jike humtafuta nyenje gizani kwa kufuata sauti yake, kisha humwachia viluwiluwi wanaomla kutoka ndani. Masikio yake yameachana kwa takriban nusu milimita, kwa hiyo sauti inayotoka ubavuni hufika sikio moja kabla ya jingine kwa mikrosekunde 1.5 hivi (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde). Kwetu sisi wenye vichwa vikubwa tofauti hiyo hufika mamia ya mikrosekunde. Kwa hesabu, nzi huyu hakupaswa kujua sauti inatoka wapi. Lakini ngoma zake mbili za masikio zimeunganishwa kwa kiungo kigumu kinachocheza kama ubao wa pembea: upande mmoja ukisukumwa, mwingine unavutwa, na tofauti ile ndogo inakuzwa mara nyingi kabla haijafika kwenye neva. Ronald Miles, Daniel Robert na Ronald Hoy walieleza jambo hilo mwaka 1995, na baadaye Miles na wenzake wakatengeneza maikrofoni za silikoni zenye pembea hiyo, wakilenga vifaa vya kusaidia kusikia. Ndani yake hamna hata chembe ya nzi, wala hazifanani naye. Kilichochukuliwa ni ule ujanja wake, na huko ndiko kuiga.

Kwa aktueta, mwalimu ni bakteria. Katika udogo ule mnato wa maji ndio unaotawala; ukipiga kasia mbele na kulirudisha kwa njia ileile, unarudi ulikotoka, kama alivyoeleza mwanafizikia Edward Purcell mwaka 1977. Bakteria E. coli hukwepa mtego huo kwa kuzungusha mkia wenye umbo la hesi. Watafiti wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, wakatengeneza mikia ya aina hiyo yenye kichwa cha sumaku, inayozungushwa na uga wa sumaku kutoka nje. Haina betri, na hospitalini bado haijawa tiba ya kawaida.

Mpaka huu kati ya kuiga na kutumia una vifaa vinavyosimama mguu huku, mguu kule. Mwaka 2012 watafiti wa Harvard na Caltech walipanda seli za misuli ya moyo wa panya juu ya utando wa mpira wa silikoni uliokatwa kwa umbo la yavuyavu mchanga. Ukipigwa umeme kwenye maji yake maalumu, ulijikunja na kuogelea. Aliyeuita "yavuyavu hai" hakukosea sana, ila kidogo tu: kilicho hai pale ni msuli wa panya, na cha yavuyavu ni namna ya kuogelea.