Mitokondria ya mviringo si lazima iwe gonjwa

Nimesahihisha tena rundo la michoro ya seli, na tena nimekutana na maharage yale yale: mitokondria, vile viungo vidogo vinavyoipa seli nishati, zote saizi moja, zote zimepinda upande mmoja. Pembeni mwanafunzi kaandika kwa kujiamini kwamba iliyo mviringo inaumwa. Jamani!

Haragwe lenyewe limetoka kwenye hadubini ya elektroni. Pale tunatazama kipande kilichokatwa chembamba kuliko mitokondria yenyewe mara nyingi tu. Chukua rundo la kamba za nyavu pale mwaloni Kirumba, Mwanza, lipige panga, utazame ncha: utaona viduara, hutaona kamba.

Kwenye seli hai mitokondria zinarefuka, zinatoa matawi, zinakatika na kuungana tena ndani ya dakika chache. Kazi hiyo hufanywa na protini: mitofusini huunganisha utando wa nje, OPA1 wa ndani, Drp1 huikaba mitokondria mpaka ikatike. Haya yamo vitabuni, tusonge.

Hili la ugonjwa ndilo linanikera. Ni kweli seli ikipata sumu mitokondria hukatikakatika. Lakini hata seli yenye afya inayojigawa huzikata, ili kila upande upate mgao. Nyuroni moja, yaani seli ya neva, ya gamba la ubongo ina ndefu kwenye dendraiti (matawi yanayopokea ujumbe) na fupi kwenye aksoni (mkia unaoupeleka), na haiumwi chochote. Tena ukizilazimisha zile za aksoni zirefuke, zinafyonza kalsiamu nyingi mno na sinapsi, pale nyuroni inapokutana na nyingine, inatoa ujumbe kidogo. Na ndefu nazo si dalili ya raha: ukiinyima seli chakula, Drp1 huzuiwa, mitokondria hurefuka, na kwa urefu huo huponea kuliwa na seli yenyewe.

Halafu kuna uzembe wetu. Sato akikaa juani kabla hujakata ule ukanda wa nyama nyekundu ubavuni na kuutia fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, mitokondria zitakuwa zimevimba. Hapo usiniletee habari za ugonjwa wa samaki. Umepima jua la Mwanza.

Kama umbo ndilo linaongoza kazi, au kazi ndiyo inaongoza umbo, bado tunabishana. Ukiondoa OPA1, mitokondria zinakatika na upumuaji unashuka. Ila OPA1 hiyo hiyo ndiyo inashikilia mikunjo ya utando wa ndani, kwa hiyo umeharibu vitu viwili kwa mkupuo mmoja. Mimi naelemea kwenye mikunjo, kwamba ndiyo inayoshusha upumuaji, si umbo la nje. Mwenzangu tunayetumia naye hadubini hataki hata kusikia.