Je, wajua kwa nini maandishi ya fulana hupasuka ukiifua mara mbili tatu?

Minada ya korosho ikikaribia, fulana za msimu huagizwa kwa wingi Mtwara, Masasi, Tandahimba na Newala: za vyama vya msingi, za wasafirishaji, za maduka ya pembejeo. Baada ya wiki chache, nyingine jina kifuani limeshapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Lawama zote huangukia sabuni ya unga. Mara nyingi sabuni inaonewa bure, wino ndio haukuiva.

Kukauka ni jambo moja, kuiva ni jingine. Wino unaotumika sana kuchapa kwa skrini, yaani kupitisha wino kwenye wavu, ni plastisoli, yaani chembe za plastiki ya PVC ndani ya mafuta ya kulainisha. Hauna maji, kwa hiyo fulana unaweza kuianika juani Shangani, Mtwara, kutwa nzima na wino usiive. Chembe hizo hunywa yale mafuta na kushikana kuwa ngozi moja pale tu tabaka lote, juu hadi chini, linapofika nyuzi joto 160 hivi. Tatizo ni kwamba kwenye nyuzi 100 tu wino umeshaacha kunata kidoleni. Mchapaji anagusa, anaona tayari, anakunja na kufunga mzigo. Chini, palipokutana na uzi wa pamba, wino bado mbichi.

Fulana nyeusi yenye maandishi meupe ndiyo huumbua zaidi. Nyeupe haifuniki kwa mkono mmoja. Hupigwa mara mbili, tabaka linakuwa nene, na muda wa joto uliotosha kwa rangi nyeusi juu ya fulana nyeupe hautoshi tena. Kipimajoto cha kuelekeza kama bastola nacho husoma uso wa wino tu.

Kuna na unyevu wa pwani. Pamba huvuta maji ya hewani, na hata kwenye hewa ya wastani hufika asilimia 7 au 8 ya uzito wake. Fulana ya gramu 150 ina gramu 10 hivi za maji, na joto la kwanza linaishia kuyafukuza hayo. Ukitumia hiti presi, mashine ya kubana kwa joto, ibane fulana tupu sekunde 5 kabla ya kubandika vinaili, yaani herufi zilizokatwa kwenye plastiki nyembamba, la sivyo mvuke utainua kingo za herufi. Masika usiruke hatua hii.

Kupima ni rahisi. Acha fulana moja ipoe kabisa, shika pande mbili za herufi, vuta taratibu. Wino ulioiva hunyumbuka na kurudi; mbichi huchanika na kuonyesha kitambaa. Kisha ifue mara kadhaa kabla ya kuchapa zile 200 zilizobaki. Mteja naye ana haki ya kudai sampuli hiyo.

Jezi za poliesta zina shida yao. Hapo joto likizidi ndipo kazi huharibika: rangi ya kitambaa hugeuka mvuke na kupanda ndani ya wino, na namba nyeupe kwenye jezi nyekundu inakuwa ya waridi, wakati mwingine siku kadhaa baada ya mzigo kuchukuliwa. Jezi hizo zinahitaji wino unaoiva kwa nyuzi 130 hivi, au vinaili yenye kizuizi cha rangi. Ulizia kabla ya kulipa malipo ya awali.