Mtandao wa kijamii ni watu, Facebook ni jukwaa

Wiki iliopita mdogo wangu, mtoto wa mamangu mdogo, anayeuza mabuyu na achari na kachiri kule Bondeni, Mombasa, alinitumia picha ya bango lake kabla halijaenda kuchapishwa, nimuangalilie kama lina makosa ya herufi. Herufi zilikuwa sawa. Lakini chini kabisa kaandika "Tupate kwa mitandao yetu 5 ya kijamii", na alama za Facebook, Instagram, TikTok, YouTube na WhatsApp zimepangwa mstari mmoja. Nikamwambia ngoja kwanza, usilipe. Akanijibu kwani kosa liko wapi, si kila mtu anaandika hivo? Na ni kweli kila mtu anaandika hivo, redioni wanasema hivo, kwenye semina za wafanyabiashara wanafundishwa hivo, ati leo kila mmoja afungue mtandao wa kijamii wa biashara yake, na ndio nikaona bora nikae niandike, manake kumueleza mtu mmoja mmoja kwa simu sitamaliza.

Maana yenyewe haina marefu. Mtandao wa kijamii ni watu pamoja na mafungamano yao, nani anamjua nani, nani akisema nani anasikiza, nani akikwama anampigia nani. Facebook ni jukwaa, Instagram jukwaa, TikTok jukwaa, yaani mahali hao watu wanapoonana na kusemezana. Basi, ni hivo tu. Kinachoniuma ni vile tumelichukua neno zuri namna hii tukaenda kulibandika kwa majina ya kampuni.

Hebu tazama lilikotoka. Shina lake ni tanda. Mawingu yametanda, kiza kimetanda. Mama akitoka nje anajitanda leso, na ile nguo nyepesi ya kujitandia ndio mtandio. Uji ukipoa juu yake unafanya utando, na buibui, nasema yule mdudu si vazi, kazi yake ni utando vilevile. Tandika, tandaza, tandua, wote hao ni ukoo mmoja. Halafu kuna tandaa, kitu kutanda chenyewe kikaenea huku na huku, na kwa tandaa tukapata mtandao, vile vile ambavyo kuambaa, chombo kwenda kikiandama pwani, kumetupa mwambao. Sasa sisi watu wa mwambao hatuna udhuru wa kutolisikia neno hili vizuri. Mwambao hauwi gati moja, ni urefu wote wa pwani, na mtandao ni kile kilichotanda baina ya hapa na pale. Kwa hivo mtu akiniambia "nimefungua mtandao" sikio langu linakataa, manake kitu cha kutanda hakifunguliwi asubuhi moja kwa namba ya simu na neno la siri. Kinachofunguliwa asubuhi moja ni akaunti.

Kiingereza nacho hakikwenda mbali, neno lao la network limetoka kwa wavu, kazi iliofumwa kama wavu. Na mmoja wa walioanza kulitumia kwa mambo ya watu, kwa maana hii tunayoizungumza, ni mwanaanthropolojia John Barnes, mwaka wa 1954, alipoandika habari za Bremnes, parokia ya kisiwani huko Norway ambako watu walikuwa wavuvi na wakulima. Mwaka huo hakuna Facebook, hakuna hata intaneti. Alitaka kueleza vile mtu wa pale anavyofungamana na jamaa na marafiki na jirani, na hao nao na wengine, na wale na wengine tena, bila mpaka na bila mkubwa wa kuwapanga. Mwanzo alitumia neno la utando, akaja akaliacha, kwa sababu aliona watu wakisikia utando wanafikiria wa buibui, uliolala bapa, na yeye alitaka kitu chenye pande nyingi.

Mimi hapo ndipo ninaposimama kila mara. Utando wa buibui una katikati, na katikati yuko mwenyewe anangoja. Wavu hauna katikati. Nenda pale Bandari ya Kale umuangalie mvuvi akitengeza jarife lililochanika, anashika jicho lililokatika, anapitisha uzi, anakaza fundo, anaingia jicho la pili, na kila fundo linashikwa na mafundo ya jirani zake, ukilikata moja hayo mengine yanabaki yameshikana. Wafanyabiashara wengi wanakwenda Instagram kama buibui, wanajiweka katikati wangoje inzi, na wanashangaa mbona haji mtu.

Hata zilipokuja tovuti zenyewe, SixDegrees mwaka wa 1997 na Facebook mwaka wa 2004, wataalamu waliendelea kuzitenganisha hizi habari mbili. Danah Boyd na Nicole Ellison, mwaka wa 2007, walipoandika maelezo yao ambayo mpaka leo yanarejelewa sana, waliziita tovuti za mitandao ya kijamii. Ni tovuti kwanza, halafu mitandao, na tovuti kazi yake ni kukuwezesha kuonyesha mtandao ulionao. Wakasema pia kwamba watu wengi hawaendi kule kutafuta wageni, wanakwenda kuwasiliana na watu ambao tayari ni watu wao. Baadaye ulimi ukachoka, neno tovuti likaanguka njiani, likabaki mtandao peke yake kubeba mizigo miwili.

Na kwetu mizigo ni mitatu, kwa sababu kuna mtandao wa waya pia. Simu ikikosa alama tunasema netwaki hakuna, au mtandao hakuna, na hapo mimi sina neno, minara na nyaya zimetanda kweli. Nyaya za intaneti za TEAMS na SEACOM zilitua hapahapa Mombasa mwaka wa 2009 zikiwa zimepita chini ya bahari, kwa hivo mtu wa Mombasa akisema mtandao unaingilia kwetu amesema haki. Lakini waya ni kitu kimoja, jukwaa kitu cha pili, watu kitu cha tatu, na kinaweza kufa kimoja vingine vikawa vizima.

Tulishaliona hilo kwa macho. Kuna dada mmoja nimjuaye ana duka la leso Biashara Street. Pegi yake ya Instagram ipo lakini haishughulikii sana. Yeye kazi yake yote iko kwa stetasi ya WhatsApp. Leso mpya ikiingia anaitandaza juu ya meza, anapiga picha moja ya mji na pindo, halafu anaisogelea anapiga nyengine ya jina peke yake, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, yasomeke, kwa sababu wateja wake wananunua jina kwanza, rangi baadaye. Sasa angalieni stetasi inavyofanya kazi. Mtu haioni mpaka wewe uwe umeihifadhi namba yake na yeye awe ameihifadhi yako, mmoja akikosa haionekani, na baada ya saa 24 imeondoka. Yaani lazima mushikane pande mbili. Hilo ni fundo kabisa, ndugu zangu, ni lile fundo la jarife.

Mwaka wa 2021 aliweka picha ya leso moja nyekundu na nyeupe, mteja wake wa Kisauni akaichukua akaitupia kwenye grupu la harusi ambako wanawake walikuwa wiki nzima wanavutana juu ya sare, na humo mlikuwa na shangazi wa bi harusi, wa Likoni, ambaye dada wa leso hajapata kumuona hata siku moja, na huyo shangazi ndiye aliyesema tumalize maneno, ni hii. Oda ikaja ya doti arubaini na kitu. Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alilieleza jambo hili tangu mwaka wa 1973, kwamba habari mpya, kama za kazi, mara nyingi zinakufikia kupitia mtu mnayejuana juu juu kuliko rafiki wa ndani, kwa sababu wewe na wa ndani mnajua yaleyale.

Basi nusu ya pesa imelipwa, nusu bado, ikafika Jumatatu tarehe 4 Oktoba. Kama saa kumi na mbili na dakika arubaini jioni, saa zetu, Facebook na Instagram na WhatsApp zikazimika dunia nzima kwa muda wa karibu saa sita, kosa lililotokea kwa kampuni yenyewe inayozimiliki zote tatu, wakati wa matengenezo ya kawaida. Nyaya zetu baharini zilikuwa salama. Dada alikaa anaangalia simu akidhani bando limekwisha, akanunua lengine, bado. Halafu simu ikaanza kulia. Wa Kisauni akapiga, shangazi wa Likoni akapiga kwa namba aliyopewa na wa Kisauni, wengine wakaleta meseji za kawaida, na salio likaingia kwa M-Pesa usiku uleule. Jukwaa lilikuwa limelala chini na mtandao unatembea.

Upande wa pili nimeona duka lina wafuasi elfu ishirini na posti yake inapata laiki nne. Na si uchawi. Kumfuata mtu ni uzi wa upande mmoja, mimi nakuona wewe hunijui. Facebook wenyewe walitenganisha tangu mwaka wa 2007, urafiki ni mpaka wa pili akubali, pegi ya biashara mtu anaifuata tu, na Januari 2018 wakatangaza kwamba posti za jamaa na marafiki ndizo zitakazotangulizwa mbele ya za biashara. TikTok nayo inakwenda mbali zaidi, sehemu kubwa ya unachokiona pale imechaguliwa na hesabu za mashine kutoka kwa watu usiowajua wala hawakujui. Sisemi ni kibaya, bidhaa inaweza kuonekana na watu wengi kwa siku moja, na kwa muuza mabuyu hilo si dogo. Lakini huko ni kupanda jukwaani ukasema na umati. Umati ukitawanyika jioni, wewe hujajua jina la hata mmoja.

Nikamuuliza mdogo wangu, wateja wako kumi wa mwisho walitoka wapi? Akahesabu kwa vidole. Watatu alisoma nao. Wawili ni wa ofisini kwa mmoja wa hao watatu, wako Nairobi, anawatumia kifurushi kwa basi la usiku. Jirani ya mamake. Mwalimu wa madrasa ya mtoto wake, na dadake huyo mwalimu. Wawili tu walikuja kwa kuona video, na mmoja wa hao wawili, alipomuuliza vizuri, ilikuwa ametumiwa ile video na binamu yake. Nikamwambia huo uliouhesabu kwa vidole ndio mtandao wako wa kijamii, unao mmoja, na umetanda mpaka Nairobi. Hizo alama tano ni mahali unapokutana nao.

Akaniuliza, kwa hivo niandike "majukwaa yetu 5"? Nikamwambia majukwaa sawa, ila hiyo "yetu" nayo itoe, manake majukwaa yana wenyewe. Tukavutana kidogo hapo, yeye anaona neno jukwaa watu watafikiria la harusi. Mwisho akaandika "Tupate hapa", alama zake tano, na namba ya WhatsApp kubwa kuliko vyote, na chini yake maneno ambayo ni yake mwenyewe, mimi sikumpa: "Hifadhi namba hii, na sisi tuhifadhi yako."