Turbo ya bei nafuu kwenye IST: vitu visivyomo ndani ya boksi

Seti za turbo za bei nafuu zinazoagizwa mtandaoni huja na vitu vya kuvutia macho: turbo yenyewe (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa zaidi kwenye injini), manifodi ya ekzosi, intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), mabomba ya alumini yanayong'aa na ile valvu ya kutoa presha inayopiga mluzi. Mwenye IST ya 1500 akishaona hivyo hudhani kilichobaki ni kukaza boluti. Kazi hii ndiyo yangu na naipenda sana, ndiyo maana kila mteja namwambia mapema: vitakavyoiokoa injini yako havimo ndani ya boksi. Bei uliyonunulia seti, tenga nyingine kama hiyo kwa ajili ya petroli, oili na kutyuni, yaani kupanga upya kompyuta ya injini. Kama huna, subiri.

Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST, Vitz, Fielder na Probox nyingi tunazoendesha, ina mgandamizo wa 10.5 kwa 1 na nguvu farasi 109 hivi kutoka kiwandani. Mgandamizo huo ni mkubwa kwa turbo, na konrodi zake, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, ni nyembamba. Toyota wenyewe waliwahi kuuza Vitz RS yenye turbo ya TRD, kitengo chao cha magari ya mashindano, kwenye injini hiihii, wakaishia farasi 150. Kwa hiyo anayetaka presha ya bar 1 kwenye injini ambayo haijawahi kufunguliwa, namkatalia. Mwisho wangu ni bar 0.4, tena baada ya kupima kompresheni ya silinda zote nne na kuona zinakaribiana. Injini inayokula oili siifungi turbo kabisa.

Na bar 0.4 si kidogo. Siku ya nyuzi 30 hapa Dar, hewa ikishakandamizwa na kompresa ya kawaida hutoka ikiwa karibu nyuzi 80. Kwa joto hilo, petroli iliyobaki kwenye silinda hulipuka yenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio kuanzia kwenye plagi, na pistoni hupigwa vibaya. Intakula naifunga mbele ya rejeta inakopata upepo. Plagi naweka za baridi zaidi (zinazotoa joto haraka) kwa hatua moja, na mwanya wake naupunguza kutoka milimita 1.1 hadi 0.7.

Sasa petroli, na hapa ndipo injini nyingi zinaponoki. 1NZ haina bomba la kurudisha petroli kwenye tanki. Kirekebisha presha kiko humohumo tankini, na presha inabaki kwenye bar 3.2 hivi wakati wote. Turbo ikisukuma bar 0.4 ndani ya manifodi ya kuingizia hewa, nozeli inamwaga dhidi ya presha hiyo, kwa hiyo nguvu ya kusukuma petroli inabaki bar 2.8. Maana yake, wakati hewa imeongezeka kwa karibu theluthi moja, kila nozeli inatoa petroli pungufu kwa asilimia sita hivi kwa muda uleule wa kufunguka. Seti nyingi zina kidude cha kupandisha presha ya petroli kufuatana na turbo. Kidude hicho kinahitaji bomba la kurudisha, ambalo gari hili halina! Usikifunge. Nunua nozeli kubwa zaidi, pampu yenye uwezo, kompyuta inayokubali kupangwa upya, na sensa ya oksijeni ya waidibendi yenye kioo cha kusoma namba, yaani uzito wa hewa kwa kila sehemu moja ya petroli. Ukiendesha taratibu namba ikae kwenye 14.7; turbo ikisukuma, iwe kati ya 11.5 na 12.

Ile valvu ya mluzi nayo ina jambo lake. Gari hili hupima hewa mwanzoni, karibu na filta. Ukiimwaga nje hewa iliyokwisha kupimwa, kompyuta inaendelea kuitilia petroli, gari linatoa moshi mweusi na kuzima ukiachia mguu. Bomba la valvu lirudi kabla ya turbo. Mluzi utapungua, lakini gari litatulia.

Kwenye oili sina haraka kabisa. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili inaingia kwa presha, lakini inatoka kwa kushuka tu, ikiwa na povu. Kwa hiyo bomba la kutokea liwe pana, milimita 13 kwa ndani au zaidi, literemke moja kwa moja bila kupanda popote, na liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Sampu ya 1NZ ina vipande viwili, alumini juu na bati chini. Mafundi wengi huchagua bati kwa sababu ni rahisi kuchomelea, lakini tundu la huko linazama ndani ya oili. Oili inashindwa kushuka, inapenya kwenye sili, ekzosi inatoa moshi wa bluu, kisha turbo inalaumiwa bure. Mimi hufungua kile cha alumini, nakitoboa kikiwa mezani, nachomelea, na kukiosha mpaka kisibaki hata chembe ya chuma.

Manifodi ya bei nafuu ikaguliwe kabla ya kufungwa. Naweka rula ya chuma juu ya flenji na kujaribu kupitisha fila (bati jembamba la kupimia mwanya) ya milimita 0.1. Ikipita, flenji inakwenda kusawazishwa kwanza. Halafu namulika tochi ndani ya mabomba: matone ya kuchomelea yaliyoning'inia humo yatakatika siku moja na kupiga mapanga ya turbo. Kumbuka pia kwamba ekzosi ya injini hii iko nyuma, upande wa kabini, kwa hiyo nyaya na mipira ya karibu izungushiwe kinga ya joto.

Siku ya kuwasha, zungusha injini kwa stata bila kuiwasha mpaka taa ya oili izime. Safari za mwanzo endesha bila kukanyaga, ukague uvujaji. Kisha panda presha kidogo kidogo, msaidizi akisoma namba pembeni yako. Namba ikivuka 13 wakati turbo inasukuma, petroli haitoshi: achia mguu hapohapo, rudi gereji, na usikanyage tena mpaka pampu na nozeli zipimwe.