Je, wajua nzige jike huchimbaje shimo refu kuliko tumbo lake?

Nzige wa jangwani, ambaye makundi yake yaliingia Kenya mwishoni mwa mwaka 2019, hutaga mayai ndani ya mchanga wenye unyevu, kwa kawaida kwenye kina cha sentimita 5 hadi 10. Kina hicho huzidi kabisa urefu wa tumbo lake la kawaida, na miguu yake haishiriki katika uchimbaji.

Kifaa cha kuchimbia kiko kwenye ncha ya tumbo. Hapo pana jozi mbili za vipande vigumu vilivyopinda, moja juu na nyingine chini, pamoja na jozi ya tatu ndogo iliyojificha katikati. Misuli yenye nguvu huvifungua na kuvifunga vipande hivyo mfululizo. Kila vinapofunguka, huusukuma mchanga pembeni na kuushindilia, bila kutoa hata punje nje, na papo hapo huling'ang'ania shimo na kulivuta tumbo literemke zaidi. Utando laini ulio kati ya pingili za tumbo hunyumbuka mpaka tumbo likawa refu mara 2 hadi 3 ya kawaida, na mishipa ya fahamu iliyo ndani hunyooka pamoja nalo bila kukatika, jambo ambalo kwa wanyama wengi lingekuwa jeraha kubwa. Jike akihisi kuwa udongo haufai, huchomoa tumbo na kujaribu mahali pengine. Ndiyo maana si kila shimo la nzige lina mayai.

Mayai yenyewe hutoka katika ovari mbili zilizo juu ya utumbo. Kila ovari ni fungu la vijirija vingi vyembamba ambamo mayai hupangana kwa foleni, machanga juu na yaliyokomaa chini. Yakishakomaa hushuka katika mirija miwili ya mayai inayopita kando ya utumbo, mmoja kila upande, kisha kuungana chini yake kuwa mmoja.

La kushangaza ni kwamba yai hupata ganda likiwa bado ndani ya ovari, yaani kabla ya kurutubishwa. Mbegu za dume, ambazo jike huzihifadhi tangu kujamiiana katika kifuko maalumu chenye mrija uliojikunja, humwagwa juu ya yai linapopita kuelekea nje, nazo huingia kupitia matundu madogo mno yaliyoachwa kwenye ganda.

Sehemu ya mbele ya mirija ile miwili ni tezi zinazotengeneza povu. Jike hulitoa pamoja na mayai, ambayo huweza kuwa makumi kadhaa hata zaidi ya 100 kwa mkupuo mmoja, na huku akirudisha tumbo juu hulijaza shimo kwa povu hilo, ambalo hukauka na kuwa kizibo. Joto likitosha, baada ya takriban wiki 2 tunutu huanguliwa na kupanda kupitia povu hilo hadi juu ya ardhi.