ISBN siyo hakimiliki

Waandishi wanazidi kuongezeka hapa Mbeya, na ni jambo la heri. Mtu anamaliza mswada, analipia kava, anaupandisha KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, kisha anatangaza kwenye kundi la WhatsApp: "Kitabu changu tayari kina ISBN, hakuna wa kukiiba." Hongera zinamiminika. Mimi hapo kwenye "hakuna wa kukiiba" ndipo ninapokwama, maana nimeshalisikia hilo mara nyingi mno.

ISBN ni namba ya kukitambulisha kitabu sokoni, basi. Tangu 2007 ina tarakimu 13. Zamani zilikuwa 10. Chukua kitabu cha mchapishaji wa hapa nchini, kigeuze, tazama karibu na ile mistari myeusi ya kuskani: 978, halafu mara nyingi 9976 au 9987, ambayo ni Tanzania. Inafuata namba ya mchapishaji, kisha ya kitabu chenyewe, na tarakimu ya mwisho ni ya kukagua kama aliyeandika zile za mbele kakosea. Mwenye duka na mkutubi wanaitumia ili wasiagize toleo lisilo lenyewe. Hakuna hata tarakimu moja humo inayotaja mwenye maandishi.

Hakimiliki haiombwi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi inalindwa tangu ilipotungwa, maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Daftari lako lililolala kabatini kule Tukuyu, lenye hadithi ambayo hujamsomea mtu, lina hakimiliki tayari na ISBN halina. COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, wanasajili kazi, ndiyo, na cheti chao kinakufaa kwa ushahidi mkifikishana mahakamani. Ila haki ilikuwepo kabla ya cheti. Kwa mwenye bajaji nadhani hili halina ugumu: namba iliyobandikwa nyuma si kadi.

Kuchanganya hivi vitu kunawagharimu hasa wanaojichapishia, yaani wanaobeba wenyewe gharama, maamuzi na hasara. KDP inakupa ISBN ya bure kwa kitabu cha karatasi, lakini haitumiki nje ya KDP. Kitabu cha Kindle, yaani cha kusomea kwenye simu au kifaa, hakihitaji ISBN kabisa; Amazon wanakipa namba yao wenyewe, ASIN. Ukitaka kupiga chapa nakala zako Mwanjelwa uzipeleke mashuleni, hiyo ya bure iache huko huko, omba nyingine Bodi ya Huduma za Maktaba.

Halafu kuna wale wanaokutoza fedha "wakuchapishie" na kuweka ISBN iliyotolewa kwa jina la kampuni yao. Kwenye kumbukumbu, mchapishaji ni wao, hata kama kila shilingi imetoka mfukoni mwako. Je, wamechukua na haki zako? Namba haiwezi kukujibu. Jibu liko kwenye mkataba, ule ambao watu wanasaini wakiwa wamesimama kaunta.

Kwa hiyo, ndugu yangu, hongera sana kwa kitabu. Lile tangazo liseme tu: "Kitabu changu kina ISBN, sasa mnaweza kukiagiza." Na kwenye ukurasa unaofuata ule wa jina la kitabu, weka alama ya ©, mwaka, na jina lako kamili.